Mtoto aliyewekewa nadhiri ya Samsoni: je, akinyolewa atadhurika?

"Mwalimu, mwanangu wa kiume ana miaka sita na hajawahi kunyolewa. Nilikaa miaka minane kwenye ndoa bila mtoto, na alipozaliwa mama mkwe alimwekea nadhiri kwamba wembe usimguse, kama Samsoni. Mtaani wanamwita Samsoni. Januari anaanza darasa la kwanza na shule inataka nywele fupi. Tena ana mapunye, na muuguzi wa zahanati ameshauri nywele zipunguzwe. Mama mkwe analia, anasema tukimnyoa nguvu za Mungu zitamtoka na huenda akapofuka, na kwamba atakayeshika mkasi ndiye Delila. Mhubiri mmoja ametuambia nadhiri inaweza kufunguliwa kwa sadaka ya shilingi laki tatu. Mtoto amesikia yote, sasa akimwona kinyozi anatetemeka. Mume wangu yuko kimya. Je, ni kweli nguvu za Samsoni zilikuwa kwenye nywele? Na tukimnyoa, tutakuwa tumemkosea Mungu?"

Dada yangu, nimeisoma barua yako mara mbili, na kilichonishika zaidi ni huyo mtoto anayetetemeka. Kwa hiyo sitakuzungusha. Mwanao akinyolewa hatapofuka wala Mungu hatamwacha, na hakuna andiko linalosema hivyo. Nayasema haya nikiwa mwalimu wa Agano la Kale ambaye amezisoma sura hizo nne za kitabu cha Waamuzi, ya 13 hadi ya 16, na wanafunzi wengi, neno kwa neno. Lakini najua jibu fupi halitamtuliza mama mkwe, na naamini hana nia mbaya. Aliyaona machozi yako ya miaka minane, akamwona mtoto, akatafuta namna ya kushukuru. Namna iliyomjia ni ya mama yake Samsoni, yule mke wa Manoa wa Sora, aliyekuwa tasa mpaka malaika alipomtokea. Tuanzie kwake, maana hapo ndipo mambo yalipochanganyika.

Isome sura ya 13 polepole. Mama yake Samsoni hakuweka nadhiri yoyote. Manoa naye hakuweka. Malaika alikuja na habari iliyokwisha kuamuliwa: utachukua mimba, mtoto atakuwa Mnadhiri wa Mungu, yaani mtu aliyetengwa kwa ajili ya Mungu, tangu tumboni, wembe usipite kichwani pake, naye ataanza kuwaokoa Israeli na Wafilisti. Ni mwito wa mtu mmoja, kwa kazi moja, katika wakati ambao Wafilisti walikuwa wamewatawala Waisraeli miaka 40. Na angalia jambo ambalo wengi hulipita: katazo la divai na kileo na vyakula najisi, malaika analitoa kwa mama, kwa kuwa ndiye atakayembeba mtoto. Kuhusu mtoto mwenyewe linatajwa katazo moja tu, la wembe. Kwa hiyo anayetaka kumfanya mtoto awe "kama Samsoni" kwa mkono wake mwenyewe anajaribu kurudia kitu ambacho katika hadithi yenyewe hakikuanzishwa na binadamu.

Utaniambia, mbona Hana aliahidi kwamba mwanawe Samweli hataguswa na wembe? Ni kweli, imo katika 1 Samweli sura ya 1. Lakini Hana aliahidi kuhusu mtoto wa tumbo lake, kwa maombi yake mwenyewe, na Torati ilikuwa imeweka utaratibu wa ahadi za namna hiyo. Hesabu 30 inasema mume akisikia nadhiri ya mkewe anaweza kuitangua siku ile ile, na Mungu atamsamehe yule mwanamke. Walimu wa Kiyahudi waliendelea kulijadili suala hili kwa karne nyingi. Katika Mishna, mkusanyo wa sheria zao uliokamilika karibu mwaka 200, kuna kitabu kizima kuhusu wanadhiri. Humo wanasema baba ndiye anayeweza kumwekea mwanawe nadhiri ya unadhiri, na hata hiyo huvunjika ikiwa mtoto mwenyewe amekataa, au ndugu zake wamekataa kwa niaba yake, au yeye au ndugu zake wamezinyoa nywele. Sheria hiyo haitufungi sisi Wakristo. Nimeitaja ili uone kwamba hata watu waliolichukulia suala la nadhiri kwa uzito kuliko wote walimwachia mtoto mlango wa kutokea.

Sasa nywele zenyewe. Hapa lazima niwe mkweli kwa pande zote mbili, kwa sababu mama mkwe hajaota tu. Samsoni mwenyewe alimwambia Delila, mwanamke aliyempenda, kwamba akinyolewa nguvu zitamtoka. Akanyolewa, zikamtoka. Na baadaye, akiwa gerezani Gaza, mwandishi anasema kwamba nywele zake zilianza kukua tena, kisha tunaona nguvu zinarudi. Mtu akisoma haraka ataona nywele kama betri. Tatizo ni kwamba hadithi yenyewe inaipinga hesabu hiyo, tena si mara moja.

Nywele za Samsoni zilikuwa kichwani saa zote. Nguvu hazikuwa hivyo. Alipokutana na mwanasimba kwenye mizabibu ya Timna, andiko linasema kwanza Roho ya BWANA ilimjilia, ndipo akampasua kama mwana-mbuzi. Alipowaua watu 30 wa Ashkeloni, hivyo hivyo. Alipofungwa kwa kamba mbili mpya na watu wa Yuda waliokwenda 3,000 kumkamata, Roho ilimjilia tena, kamba zikawa kama kitani kilichoungua. Kisha baada ya kuwapiga watu 1,000 kwa mfupa wa taya ya punda, Samsoni yule yule, na vishungu vyake vyote saba kichwani, alishikwa na kiu mpaka akaona anakufa. Alimlilia Mungu, maji yakatoka pale Lehi. Nywele hazikumsaidia kupata hata tone moja. Nikiri kwamba si kila tukio linafuata mpangilio huo: alipong'oa milango ya mji wa Gaza usiku na kuibeba hadi mlima unaoelekea Hebroni, Roho haitajwi, na usiku ule alikuwa ametoka kwa kahaba. Hadithi ya Samsoni haikuandikwa ili kila kitu kikae sawa kwenye mizani.

Lakini mstari unaoamua ni Waamuzi 16:20. Samsoni anaamka usingizini, anadhani atatoka na kujinyosha kama siku zote. Hapo mwandishi ndiye anayetueleza kilichotokea, kwa maneno yake mwenyewe, wala hasemi kwamba hakujua nywele zimekwenda. Anasema hakujua kwamba BWANA amemwacha. Chanzo cha nguvu kimetajwa pale kwa jina. Na mwishoni, akiwa kipofu kati ya nguzo mbili, nywele zimeshaanza kuota, lakini hazitegemei. Anaomba: unikumbuke, unitie nguvu mara hii tu. Mtu ambaye nguvu zake zimo kichwani hana haja ya kuziomba.

Basi nywele zilikuwa nini? Zilikuwa alama. Kiebrania kinatusaidia hapa. Neno nazir, tunaloliita Mnadhiri, linatoka katika mzizi wenye maana ya kutenga, na neno nezer la mzizi huo huo lina maana ya wakfu na pia ya taji. Katika Walawi 25, mzabibu ulioachwa bila kukatwa matawi katika mwaka wa mapumziko unaitwa kwa neno hilo hilo, nazir. Mkulima aliuacha ukue ovyo, na kila aliyepita akajua kwamba mwaka huu mzabibu huu hauna mwenyewe ila Mungu. Nywele za Mnadhiri zilisema jambo hilo. Kwa Samsoni ndiyo alama pekee iliyokuwa imebaki. Ukimfuatilia na Delila utaona anavyoisogelea hatari hatua kwa hatua: kwanza kamba saba mbichi za upinde, halafu kamba mpya, halafu anamwambia afume vishungu vyake kwenye mtande wa nguo. Uongo wa tatu tayari unagusa nywele. Alijua anachokichezea, akakitoa. Kosa lake lilikuwa hapo, kabla wembe haujafika.

Kuhusu macho, nisikuache na hofu hiyo hata dakika moja. Samsoni hakupofuka kwa kunyolewa. Wafilisti walimkamata wakamng'oa macho, wakamfunga kwa pingu za shaba, wakamtia kusaga nafaka gerezani. Ni ukatili wa adui vitani. Kuuhamishia kwenye kichwa cha mtoto wa miaka sita ni kumtisha kwa kitu ambacho Biblia haikukisema.

Na wewe si Delila. Delila, mwanamke wa bonde la Soreki (andiko halisemi kama alikuwa Mfilisti, wala kama alikuwa mke wa Samsoni), aliahidiwa vipande 1,100 vya fedha na kila mmoja wa wakuu wa Wafilisti. Wakuu hao walikuwa watano, kwa hiyo ni 5,500. Sura moja mbele, Mlawi anaajiriwa kuwa kuhani wa nyumbani kwa vipande kumi kwa mwaka, na nguo na chakula. Delila aliahidiwa mshahara wa miaka 550 ili amtoe mtu kwa waliotaka kumtesa. Wewe unampeleka mwanao zahanati. Nakuomba jina hilo usilikubali, hata likitoka kinywani mwa mtu unayemheshimu.

Sasa nikuonyeshe sehemu ninayotamani mama mkwe aisome mwenyewe, na miwani yake, bila haraka: Hesabu 6. Hiyo ndiyo sheria ya wanadhiri wa kawaida, wanaume kwa wanawake, waliojiweka wakfu kwa hiari yao wenyewe. Nadhiri hiyo ilikuwa na mwisho. Siku zikitimia, Mnadhiri alikwenda mlangoni pa hema ya kukutania na sadaka zake, akazinyoa nywele zake pale pale, akazitia katika moto uliokuwa chini ya sadaka ya amani. Baada ya hapo aliruhusiwa kunywa divai. Umeona? Katika Torati, kunyoa ndiyo ilikuwa sherehe ya kutimiza nadhiri. Paulo mwenyewe alinyoa kichwa Kenkrea kwa sababu alikuwa na nadhiri, Matendo 18:18, na sura ya 21 inasimulia jinsi alivyowagharamia watu wanne wanyoe nywele zao huko Yerusalemu. Hakuna aliyelia siku zile. Mama mkwe amekuwa akiuogopa wembe kama laana, kumbe kwenye sheria yenyewe ulikuwa ndio alama ya "tumemaliza, asante".

Laki tatu usitoe. Sisemi hivyo kwa hasira, nasema kwa sababu jibu limo ndani ya hadithi hiyo hiyo. Manoa alitaka kumkirimu yule mgeni, akamwandalia mwana-mbuzi. Malaika akakataa: hata ukinizuia, chakula chako sitakula, na ukitaka kutoa sadaka, mtolee BWANA. Manoa akauliza jina lake ili aje amheshimu habari itakapotimia, na jina pia hakupewa. Aliyeileta nadhiri ya Samsoni hakuchukua hata kipande cha nyama. Anayedai malipo ili aifungue nadhiri ambayo bibi aliiweka kwa upendo hana pa kusimama katika Waamuzi wala katika Hesabu. Mkitaka kutoa sadaka ya shukrani kanisani kwenu, toeni mnachoweza, kwa furaha, bila bei kutajwa.

Mfanye nini basi? Njia ya kwanza ni kuziacha nywele. Si dhambi, na zipo familia na dini zinazofanya hivyo kwa imani ya kweli. Warasta wanaisoma Hesabu 6 hiyo hiyo, na nchini Kenya mwaka 2019 Mahakama Kuu iliamua kwamba shule haikupaswa kumzuia mwanafunzi wa Kirasta kwa sababu ya nywele zake. Kama wewe na mumeo kwa pamoja mngekuwa na imani hiyo, ningewaambia mwende kwa mwalimu mkuu mapema, mzungumze kwa heshima, msisubiri siku ya kwanza ya shule. Lakini sioni imani hiyo kwenye barua yako. Naona hofu, na mtoto anayebeba ahadi ambayo hakuitoa. Njia nyingine ni kumnyoa kimyakimya mama mkwe akiwa safarini. Wengi hufanya hivyo, nami sikushauri hata kidogo. Atarudi, ataona, na kila homa atakayoipata mtoto kwa miaka kumi ijayo itakuwa na maelezo tayari.

Mimi ningeimaliza nadhiri hadharani. Mumeo ndiye aanze, maana ni mama yake, na kimya chake ndicho kinachokuacha wewe peke yako na mkasi. Akae na mama yake, amshukuru kwa dhati kwa kumwombea mjukuu, kisha wasome pamoja Hesabu 6:13 hadi 20. Halafu mwiteni mchungaji wenu, yule anayewajua na anayejua nyumbani kwenu, si wa kukodi. Afanye maombi mafupi ya shukrani. Na kama bibi atakubali, akate yeye kishungu cha kwanza. Nimewahi kuona jambo la namna hii likifanyika katika familia moja. Bibi alilia, ndiyo, lakini alilia akiwa ameshika mkono wa mjukuu wake. Akikataa kabisa, bado ninyi wazazi ndio mnaowajibika kwa mtoto. Mweleze hivyo kwa upole, mara moja, bila mabishano.

Mapunye yasisubiri mambo ya nadhiri. Hayo ni maradhi ya fangasi, na kwa kuwa fangasi huingia ndani ya unywele na kwenye shina lake, mafuta ya kupaka peke yake mara nyingi hayafiki. Mtoto huhitaji dawa ya kumeza kwa wiki kadhaa, kwa kipimo kinachotokana na uzito wake. Nywele fupi husaidia kuona vidonda na kusafisha kichwa, lakini kinachoponya ni hiyo dawa, kwa hiyo mrudisheni zahanati wiki hii hata kama mazungumzo ya nyumbani hayajaisha. Mashine ya kinyozi isiyosafishwa huyahamisha kutoka kichwa hadi kichwa, basi tumieni mkasi wenu na kitana chake, visitumiwe na ndugu zake.

Kutetemeka kwake nako nakuomba ukuangalie kwa makini. Kama kutapungua baada ya kuongea naye, ni vizuri. Lakini kama halali usiku, ameanza tena kukojoa kitandani, au anakataa kutoka nje, mpelekeni kwa daktari au afisa ustawi wa jamii akaonwe ana kwa ana. Na ikitokea mtu yeyote akamlazimisha mtoto afunge kula, akamchapa "kumtoa roho", au akazuia asipewe dawa, usisubiri ushauri wa mwalimu wa Biblia. Piga 116, namba ya bure ya kusaidia watoto, au nenda dawati la jinsia na watoto la polisi.

Usiku, kabla hajalala, mweleze mwenyewe habari za Samsoni. Anza na jina: kwa Kiebrania ni Shimshon, na ndani yake mna shemesh, jua, ndugu wa neno la Kiarabu shams. Mwambie watu wa zamani pia walipenda kumkuza. Kwenye Talmudi, mkusanyo wa mafundisho ya walimu wa Kiyahudi, wapo waliosema mabega yake yalikuwa na upana wa dhiraa 60. Huko Huqoq, Galilaya, kwenye sakafu ya sinagogi la karne ya 5, wachimbaji walifukua picha za vijiwe vya rangi, moja ya wale mbweha ambao Samsoni aliwafungia mienge mikiani, nyingine ya Samsoni akiwa jitu kubwa na malango ya Gaza begani. Ni picha nzuri. Lakini Biblia yenyewe haikusema popote kwamba alikuwa na mwili mkubwa, na Delila alilazimika kuuliza nguvu zake zinatoka wapi, jambo ambalo pengine asingeliuliza kama angekuwa na mwili wa jitu. Kwa hiyo mwanao akikuuliza kama atabaki na nguvu baada ya kunyolewa, mwambie abebe ndoo yake ndogo ya maji kabla ya mkasi, na abebe ile ile baada ya mkasi. Wewe simama karibu naye.